Kebo ya ruta inakwama 100

Kaka, kama umevuta kebo ya mtandao toka ruta ya chini hadi orofa ya juu hapo Lamu, unalipia spidi ya Mbps 300 (megabiti kwa sekunde) na kompyuta haivuki 100, basi angalia nyuzi za ndani ya kebo kwanza. Mbps 100 yatumia nyuzi 4 tu, giga, yaani Mbps 1000, yataka zote 8, kwa hivyo hata mmoja wa zile 4 nyingine usipogusa spidi inashuka yenyewe na wala haikwambii. Kata vichwa vyote viwili vya kebo ufunge upya, kilimi cha plastiki cha kichwa kiangalie chini, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote sawasawa. Kwenye kijani ndo wengi hukosea, wanaziweka mbili pamoja manake macho yanapenda hivo, mimi mwenyewe nilipoteza jumapili nzima. Nyuzi zimesokotwa mbili mbili, usizisokotoe sana, sentimita moja hivi yatosha. Halafu kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukitoka mweupe ndani hio ni alumini imepakwa shaba, umeuziwa uongo, na kwa chumvi hii ya bahari yetu mimi ningeitupa tu. Ah, na usiipitishe bomba moja na waya wa stima.