Maswali ya kunoa: acheni kuchoma visu

Fundi wa Masasi: Kisu cha randa ya mkono kimegeuka buluu nikinoa kwenye jiwe la umeme, nikikichovya maji kitarudi?

Hakirudi! Hili swali nimelijibu mpaka basi. Chuma cha kaboni kikifika kama sentigredi 300 ndo kinapata hiyo buluu na ugumu umeshaondoka, maji yanapoza tu. Saga taratibu mpaka buluu yote iishe, gusa jiwe kidogo, toa, chovya, rudi. Na vua glavu, kwanza ni hatari kwenye jiwe, halafu kidole kikiungua ujue na kisu kinaungua.

Nachingwea: Kisu cha randa ya mkono ninoe nyuzi ngapi?

25 kwenye jiwe la umeme, malizia 30 kwenye jiwe la mafuta. Huna protekta ya kupimia nyuzi? Ulalo, yaani ule uso wa mshazari ulionolewa, urefu wake ukiwa mara mbili ya unene wa kisu hapo una 30. Kwa mpingo panda hata 35.

Dada wa Lindi mjini: Nimetengeneza kishikio cha engo (chuma cha pembe) na boliti cha kunolea visu vya mashine ya randa, mbona nikivifunga kwenye mashine ni kisu kimoja tu kinakula mbao?

Hongera dada, ila kishikio kinashika nyuzi tu, upana hakiujui. Najua ulivyofanya, umemaliza cha kwanza, umelegeza boliti ukafunga cha pili kwa macho. Weka stopa nyuma, migongo ya visu vyote iguse palepale, saga cha kwanza pasi moja, cha pili pasi hiyohiyo, ndo usogeze stopa mbele. Ukimaliza weka kwenye mizani maana kimoja kikiwa kizito mashine inatetemeka mpaka beringi zinakufa. Wakati wa kufunga chomoa waya wa umeme kabisa, laza kijiti kilichonyooka kwenye meza ya nyuma mbao inapotokea, zungusha roli lenye visu kwa mkono, visu vyote vikivute kijiti umbali uleule, kushoto na kulia. Hapa ndo mafundi wengi wanakosea halafu lawama wanalipa jiwe.

Newala: Nimebana grainda kwenye jiliwa nikatoa kava ili kisu kifike, sawa?

Rudisha kava, kaka. Na kama hiyo ni diski ya kukatia usinolee ubavu wake, inapasuka na vipande vinakuja usoni.

Mikindani: Biti ya ruta (mashine ya kuchimbia mifereji na nakshi) yenye ncha za kabaidi, ile metali ngumu sana, naweza kunoa kwenye jiwe la kijivu?

Hapana, unaharibu vyote viwili. Tafuta diski ya almasi, na barakoa uvae, vumbi lake lina kobalti.