Seti Ikirudi Stoo, Nani Huihesabu?

Juzi muuguzi mmoja wa thieta huko Eastlands aliniandikia: "Sista, seti zetu za vifaa vya upasuaji zinapungua vifaa kila wiki na lawama ni zangu. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanuna.

Maana yalinipata. Kijana wa bodaboda, paja limevunjika, yuko mezani na ganzi ya mgongo imeshakolea. Nafungua trei: skrubu za unene wa milimita 4.5 zimejaa, lakini zote fupi. Daktari anataka urefu wa milimita 40, mimi nina za 26 na 28. Nikampigia muuzaji, pikipiki yake ikakwama Mombasa Road. Skrubu zilipofika hazikuwa zimepita kwenye otoklevu, mashine ya mvuke inayoua vijidudu, na daktari akataka zipitishwe ule mzunguko wa haraka. Nilikataa katakata. Chuma kinachobaki ndani ya mtu hakifanyiwi hivyo. Tukangoja mzunguko kamili wa nyuzi 134, na kukauka juu yake. Ganzi ikaisha, kijana akalazwa usingizi. Daktari alinigombeza mbele ya wanafunzi. Hadi leo hunisalimu kwa nyusi.

Chanzo nilikijua kesho yake. Seti ilikuwa ya mkopo, na muuzaji hujaza pengo akiletewa karatasi ya matumizi. Karatasi ya upasuaji uliotangulia ilikaa siku nne chini ya birika la chai, ofisi ya manunuzi.

Nikanunua kaunta buku. Kila trei ikapigwa picha, picha ikabandikwa kwenye rafu yake. Seti ikirudi kutoka thieta inahesabiwa na watu wawili, wote wanatia sahihi, hata saa nane usiku. Stika ya kila kipandikizi, yaani chuma kinachobaki mwilini, moja faili la mgonjwa, moja kitabuni kwangu; bechi ikirudishwa kiwandani kwa hitilafu, najua iko kwenye mguu wa nani. Na seti ya mkopo isipofika jana, mgonjwa wa leo haingii.

Baadaye wakubwa walileta kompyuta ya kufanya hayo hayo. Siku ya kuizindua walishukuru kila mtu, hata aliyeleta soda. Orodha walizoingiza humo zilitoka kwenye kaunta buku yangu.

Ninyi vijana mnangoja programu. Programu haioni bisibisi iliyokunjwa ndani ya shuka na kupelekwa dobi! Hesabu. Ukimaliza, hesabu tena.

Dada yangu, anza na seti ya paja, leo, kabla shifti haijabadilika. Na dobi upite.