Chakula kisicho na sumu Kisumu: kwa dada anayehamia kutoka Morogoro

Dada, umeandika kwamba shemeji amepata kazi Kisumu, mnahama na mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kula, na kwamba Morogoro ulizoea mboga zenye alama ya Kilimohai. Unauliza duka gani hapa linauza chakula cha kilimo hai, kama ile alama inatambulika Kenya, na kama bei mtaiweza. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, nimeolewa huku magharibi mwa Kenya, ukweni ni Vihiga na makazi yetu ni Kisumu miaka mingi sasa. Watoto wangu nimewalea hapa hapa. Naandika kwa urefu kwa sababu swali hili nililizunguka peke yangu nilipofika, na sitaki na wewe ulizunguke.

Alama inatambulika. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilipitishwa na Jumuiya mwaka 2007, na Kilimohai ndiyo alama yake, Kenya kama Tanzania. Huku mtandao wa wakulima hao ni KOAN, kama kwetu ilivyo TOAM. Masharti ni yale yale: hakuna dawa wala mbolea za viwandani, hakuna mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na lazima awepo anayekagua, iwe kampuni ya ukaguzi au vikundi vya wakulima wanaokaguana wao kwa wao kwa utaratibu ulioandikwa. Lakini kwenye mafungu ya mboga sokoni Kisumu mimi sijazoea kuiona. Utakachokiona kwenye maduka makubwa ni pakiti zilizoandikwa tu kwamba ni za oganiki, bila alama ya mkaguzi, bila jina la shamba, na bei imepanda. Neno likiwa peke yake yeyote anaweza kulichapisha. Kuwauzia akina mama wenye watoto wachanga utulivu wa moyo ambao hakuna aliyeukagua ni jambo linaloniuma sana.

Kwa hiyo hapa usianzie dukani. Anza na aina ya chakula, kisha tafuta mtu wa kukuuzia, na hela ya ziada uiweke pale penye hatari kubwa tu.

Bahati yetu ni mboga za kienyeji. Watu wa kanda hii wanazipenda kweli, na zinafurika sokoni kila siku. Soko kubwa kuliko yote ni Kibuye, kwenye barabara ya kwenda Kakamega, na siku yake ni Jumapili. Katikati ya mji kuna Jubilee, la kila siku. Mimi mara nyingi hupanda matatu hadi Kiboswa, mpakani mwa Kisumu na Vihiga, kwa sababu pale unakutana na wanawake waliotoka na mboga shambani kwao asubuhi ile ile.

Wauzaji wengi mjini ni Wajaluo, watakutajia mboga kwa lugha yao, kwa hiyo shika haya: mnavu ni osuga, mgagani ni dek au akeyo, mlenda ni apoth, mchicha ni ododo, majani ya kunde ni bo. Mitoo huenda hukuwahi kuila. Ni marejea, vijani vidogo vyenye uchungu kidogo, na ukivichanganya na apoth vinateremka vizuri. Kisamvu na matembele utavitafuta sana, maana wenyeji wanakula muhogo na viazi lakini majani yake hawana habari nayo. Mgagani na mnavu hapa huchemshwa, hulazwa na maziwa, kesho yake hupashwa tena ndipo huliwa. Jaribu hivyo kabla hujasema ni michungu.

Kwa nini nazitaja kwanza? Kwa sababu nyingi zinaota kwa samadi na mvua, na mitoo na dek hasa hazihitaji dawa nyingi. Wakulima wengi wanatunza mbegu zao wenyewe. Sisemi zote ni safi, kwa sababu osuga sasa ni biashara. Kuna wa majani madogo, mchungu, ambao wazee wanautaka, na kuna wa majani mapana unaokua haraka na kujaza gunia. Ule mpana ndio baadhi ya wakulima wanaumwagia mbolea ya dukani ili uvimbe upesi, na vidukari wakiuvamia unapigwa dawa. Mimi nachagua majani ya wastani yenye vitobo viwili vitatu vya wadudu. Kitobo hakithibitishi kitu, lakini fungu ambalo halina hata kimoja huniongezea maswali.

Penye hatari ni nyanya, kabichi na sukuma wiki. Nyanya naiweka mbele. Tangu yule mdudu tunayemwita kantangaze aenee Afrika Mashariki, mkulima wa nyanya hana amani. Mdudu anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, ugonjwa wa bakajani unakuja na mvua, na mtu aliyekopa ili alime atapiga dawa tena na tena. Kila chupa ya dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, kati ya kupiga na kuvuna. Bei ikipanda sokoni leo, siku hizo hazisubiriwi. Simlaumu mkulima peke yake, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuivuta ile sumu, mara nyingi bila barakoa wala glavu, na hakuna anayemlipa zaidi akisubiri. Lakini mtoto wako ndiye atakayeila. Nyanya yenye unga mweupe uliokauka karibu na kikonyo iache. Ukinunua, osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono, na ya mtoto imenye. Kuosha huondoa kilicho juu ya ganda tu, na zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea ambazo maji hayazifikii. Ndiyo maana nyanya na sukuma ndivyo vitu pekee ninavyokubali kulipia zaidi, kwa mtu ninayemjua.

Mtu huyo unampataje? Usimuulize kama mboga zake zina dawa. Atasema hazina, na si lazima awe mwongo: wengi wamenunua kwa madalali usiku na hawajui lolote. Msalimie kwanza, oyawore mama, kisha uliza zimetoka wapi, nani analima, maji wanateka wapi, mara ya mwisho dawa ilipigwa lini na ya nini. Aliyelima mwenyewe hujibu bila kufikiri, tena atakupa na habari za ng'ombe wake. Mchuuzi atakuelekeza kwa mwenzake. Nunua kwa mtu yule yule wiki baada ya wiki, usibane bei sana, na mwambie wazi kwamba una mtoto mdogo. Wa kwangu wa Kiboswa alifika mahali akawa ananiambia, "Mama, leo usichukue sukuma, jirani yangu amepiga dawa juzi." Uaminifu wa namna hiyo hakuna duka litakalokuuzia. Ukishajenga urafiki, omba kutembelea shamba. Huku mgeni haonekani msumbufu, atapikiwa chai.

Swali la maji sikuliweka kwa kupamba. Mboga nyingi zinazolimwa ndani ya mji zinamwagiliwa kutoka mito inayopita kwenye makazi na kuchukua uchafu wake. Mto Kisat unapita karibu na mtambo wa majitaka, Auji unapita kwenye mitaa yenye watu wengi kabla ya kuingia ziwani. Mboga iliyolimwa hapo inaweza kuwa haijaguswa na tone la dawa, na bado ikakuletea mtoto anayeharisha. Nduma, yaani magimbi yetu, hulimwa mabondeni kwenye unyevu, kwa hiyo ziulizie vivyo hivyo. Viazi vitamu na muhogo havinipi mawazo.

Sasa nafaka, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ya mtoto. Watu wanaotafuta chakula kisicho na kemikali huwa wanaikimbilia sumu nyingine wakidhani wamepona. Mahindi yakivunwa na unyevu, au yakihifadhiwa vibaya, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Ni sumu ya asili kabisa, haihitaji dawa yoyote, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, na wengi waliougua walikula mahindi waliyolima wenyewe. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, kidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kukupa jibu. Unachoweza kufanya ni kununua mahindi makavu yanayolia ukiyatikisa mkononi, kuyachambua punje kwa punje na kutupa zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha kusaga kidogo kidogo. Uliza pia yamehifadhiwaje. Wengine huyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia fukusi. Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa ambayo inaua wadudu bila dawa, na mama mkwe wangu hatumii kitu kingine.

Yeye pia analima kwa ile njia ya sukuma-vuta iliyotoka icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, ufukweni mwa ziwa. Katikati ya mistari ya mahindi kuna mmea uitwao desmodiamu, ambao harufu yake inamfukuza nondo wa mabua na mizizi yake inamaliza kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi. Pembeni kuna majani ya tembo yanayomvuta nondo akatage huko. Ng'ombe anakula vyote viwili. Shamba lake ni dogo kama mashamba mengi ya Vihiga, na halijaona dawa ya nondo. Wakulima wa namna hii wapo Vihiga, Siaya na Homa Bay, ila mahindi yao hayana kibandiko. Uliza tu, "Mnalima na desmodiamu?" Wanaijua.

Kwa uji wa mtoto mimi niliegemea wimbi, yaani ulezi wetu. Halihitaji dawa nyingi shambani na linakaa ghalani muda mrefu bila kuharibika. Linatoka Busia na maeneo ya jirani, linauzwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Lioshe mara kadhaa mchanga uishe, lianike, lipeleke kwenye kinu mwenyewe na usimame hapo. Unga wa lishe uliochanganywa nafaka saba na karanga ndani yake sikuununua hata mara moja. Karanga zinashika sumukuvu upesi kama mahindi, na zikishasagwa hujui kilichoingia.

Mengine kwa kifupi. Kuku wa kienyeji wapo, lakini wengi wanaoitwa hivyo ni wale walioboreshwa, wanaolishwa chakula cha dukani. Ni kuku wazuri, ila usilipe bei ya aliyejitafutia uani. Rangi ya kiini cha yai isikudanganye, hubadilishwa na chakula. Samaki utawapata wabichi Dunga, kando ya ziwa. Sato ni ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Uliza kama ngege ni wa ziwani, wa vizimba au wa kutoka China, maana wote watatu wanauzwa mjini. Omena chagua walioanikwa juu ya nyavu, si chini kwenye mchanga.

Kuhusu bei, usiogope. Ukila osuga, apoth, viazi, wimbi na omena, utatumia pungufu ya jirani anayekula kabichi na mkate. Kinachogharimu ni nauli na muda wa kuchambua, na huo muda najua kwa mama mwenye mtoto mchanga si kidogo. Kama shemeji yupo nyumbani jioni, mpe ungo achambue.

Mwisho ni gunia. Hata ukipanga nyumba yenye uwanja mwembamba, magunia mawili ya udongo na samadi yatakupa sukuma na mgagani wa mtoto. Vidukari nyunyizia maji ya majani ya mwarobaini, miti yake imejaa Kisumu, na majivu hayakosi. Mbegu waombe hao hao kina mama wa sokoni. Za mgagani ni ndogo sana, zifunike kwa udongo kiduchu tu, na baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma. Mkifika kabla ya Machi mtaiwahi masika. Niandikie mkishatua, Jumapili ya kwanza twende wote Kibuye nikujulishe kwa mama yangu wa osuga, naye atakuonyesha wa wimbi.