Injini imefungwa upya: oili gani ya kuanzia?

Pikipiki ya kwanza kuifanyia oveholi niliipenda mno, nikataka ipate kila kilicho bora. Pistoni mpya, ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni), silinda imepigwa honi vizuri, yaani imesuguliwa ndani kwa mawe ya kunolea, kisha nikamimina oili ya sintetiki ya bei kubwa kuliko zote nilizoziona. Nikaiendesha taratibu kama niliyebeba mayai. Ilipofika kilomita 1,200 hivi ikaanza kutoa moshi wa bluu, na oili ikawa inapungua kila wiki.

Tulipoifungua tena, ukuta wa silinda ulikuwa unang'aa kama kioo. Ile michirizi ya kupishana iliyoachwa na honi ilikuwa imezibwa na utando wa kahawia wa oili iliyoungua. Ringi hazikuwahi kukaa. Ikabidi kupiga honi upya na kununua ringi nyingine.

Michirizi hiyo hushika oili, lakini pia vilele vyake vidogo husugua uso wa ringi mpaka ringi na silinda vishikane sawasawa. Kazi hiyo hufanyika mapema, katika kilomita chache za mwanzo, na inahitaji msuguano kiasi. Oili yenye viungo vingi vya kupunguza msuguano huikwamisha. Ndiyo maana kwa injini iliyofungwa upya, hasa yenye silinda ya chuma, mimi huanza na oili ya kawaida ya madini, yaani isiyo sintetiki. Utasikia kwamba kuna pikipiki zinazotoka kiwandani na sintetiki, na ni kweli, ila silinda zile hunyooshwa kwa mashine kwa namna ambayo honi ya mkononi haifikii.

Usichukue oili ya madini yoyote tu. Kwenye pikipiki nyingi oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi, kwa hiyo tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki zenye klachi inayozama kwenye oili. Ukiona maneno Energy Conserving au Resource Conserving, liache: hiyo ni ya magari, na klachi inaweza kuteleza. Uzito wa oili ufuate kitabu cha pikipiki yako, mara nyingi 10W-40 au 20W-50. Tafadhali usiongeze uzito ili kuficha kelele. Injini mpya inayogonga ina tatizo la kutafutwa.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe injini mpaka oili ifike juu kwenye kichwa. Ikishawaka, usiiache isimame inanguruma polepole kwa muda mrefu. Gesi ya mwako ndiyo inayoingia nyuma ya ringi na kuisukuma ukutani, na isipobeba mzigo msukumo huo ni mdogo. Ikipata moto, toka nayo barabarani: vuta mafuta kwa wastani, achia, acha injini yenyewe ipunguze mwendo, vuta tena. Badilisha mwendo kila mara, bila kuikaba mpaka mwisho. Huruma niliyoionyesha ile pikipiki ya kwanza iliidhuru sawa na oili ile, na nikilazimika kuchagua kosa moja la kusahihisha, ningeanza na huruma hiyo.

Oili ya kwanza mwage mapema, kati ya kilomita 50 na 100, injini ikiwa bado ya moto. Itoe kwenye chombo safi uitazame juani. Utaona inameta kama rangi ya fedha. Chovya vidole viwili na usugue. Vumbi laini lisilokwaruza ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvinyanyua kwa ukucha, au vyenye rangi ya shaba, ni dalili ya kusimama na kutafuta vimetoka wapi. Injini ndogo nyingi hazina filta ya karatasi, zina chujio la waya tu na kikombe kinachozunguka nyuma ya kifuniko cha klachi. Vifungue uvisafishe, kwa sababu takataka ya honi hukimbilia humo.

Nyingine huibadilisha kwenye kilomita 500, kisha 1,500, zote bado za madini. Kiwango kikibaki palepale kwenye kijiti cha kupimia oili kutoka badiliko moja hadi jingine, na moshi haupo asubuhi wala ukiachia mafuta kwenye mteremko, ringi zimekaa. Hapo sintetiki inaweza kuingia.