Nenda dukani na laini mbili

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukinunua simu ya kutumia mwenyewe na ya kufundishia, unaangalia nini kwanza? Najua wengi watataja kamera, chaji na bei. Mimi naangalia kama simu iko huru, yaani inakubali laini ya mtandao wowote. Nafundisha watu wazima wanaojiandaa na QT, mtihani wa maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea, hapa Dodoma, darasa la jioni, na simu za darasa tunazinunua kwa michango ya wanafunzi wenyewe: mama ntilie, muuza mboga, fundi ujenzi. Hela ya namna hiyo haichezewi.

Simu za ofa zinazouzwa na kampuni za mitandao mara nyingi hukubali laini ya kampuni hiyo peke yake. Kwa mtu wa mjini huenda asione shida. Lakini mtandao unaoshika vizuri Makole unaweza kukutupa ukifika Mvumi au Bahi, na wanafunzi wangu msimu wa kilimo wanakuwa mashambani huko, wanabadilisha laini kufuata mnara. Kwa hiyo nenda dukani na laini mbili za mitandao tofauti. Chomeka moja, piga simu, washa data; kisha chomeka ya pili ufanye hivyohivyo. Ikiomba namba ya kufungulia mtandao, irudishe. Muuzaji akikwambia, "Mwalimu, hiyo fundi anaitoa dakika tano tu," mwambie aipeleke yeye kwa fundi kwanza, bei mtazungumza baadaye.

Simu za kuletewa na ndugu kutoka Marekani nazo ziangaliwe vizuri. Kule simu ya malipo ya kabla huuzwa bei ya chini kwa sababu kampuni inategemea kurudisha fedha yake kwenye vocha, hivyo huifunga mpaka masharti yake yatimie. Sheria ya mwaka 2014 iliwapa wateja haki ya kufungua simu zao, ila haikuzuia kampuni kuziuza zikiwa zimefungwa. Uingereza ndiyo iliyopiga marufuku kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa, tangu Desemba 2021. Na iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa. Kwa darasa letu hizo hazifai, hata tukipewa bure. Ndugu yako aombe kampuni ifungue simu akiwa bado hukohuko, maana ikishafika Dodoma hakuna wa kumpigia.

Kinachoniumiza zaidi siku hizi ni mkopo. Simu za kulipa kidogo kidogo zina programu inayoifunga simu mteja akichelewesha rejesho. Mtu akizidiwa anaiuza kama mtumba, tena kwa bei nzuri. Mwalimu mwenzangu alinunua ya namna hiyo, akaitumia vizuri tu, mpaka asubuhi moja kioo kizima kikajaa ujumbe wa kudai deni la mtu asiyemjua. Matokeo ya mtihani wa majaribio ya darasa lake yalikuwa humo ndani, na muuzaji hakupokea tena simu. Ndiyo maana nasisitiza: simu ya mtumba ifutwe kila kitu mbele yako, kisha uiwashe wewe kuanzia ukurasa wa kwanza, ukiwa na intaneti, hadi mwisho. Hapo ikidai akaunti ya mtu mwingine, au programu ya mkopo ikajitokeza, utakuwa bado hela unayo mfukoni. Na hata ikipita salama, dai risiti yenye jina na namba ya muuzaji.

Halafu bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na simu ya laini mbili itakuwa nazo seti mbili. Zilingane na zilizo kwenye boksi. Zitume kwa ujumbe kwenda 15090 na utajibiwa aina ya simu hiyo. Mgongoni pakiwa pameandikwa Samsung na jibu likataja jina jingine, umeshikishwa bandia. Tuliokuwepo Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozizima simu bandia usiku wa manane, tunajua hasara yake.

Kwa darasa, nunueni za aina moja ili chaja iwe moja na kila mtu ajue pa kubonyeza. Simu yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 1 msiichukue, inakwama mkifungua kitabu cha kurasa nyingi. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Sisi tunapakua mara moja kwa bando moja, kisha tunarushiana kwa Bluetooth bila gharama. Somo la Kiingereza tunarekodi matamshi na kuyasikiliza tena, na hapo hata mwanafunzi mwenye haya anajikuta anasema.

Laini nayo ina mwenyewe. Inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo laini ya darasa iko kwa jina la mtu, na mtu huyo akubali mbele ya wote. Apige *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwetu ni katibu wa darasa. Akihama, ataondoka na laini yake, nasi tutachomeka nyingine siku hiyohiyo, ya mtandao wowote.