Kwenda kuhamasisha fomu foo likizo hii: jibu langu

Mdogo wangu nimekusoma, mko chuo na mnataka kurudi shule yenu ya kata kuwaambia madogo wasiishie fomu foo, ila unaogopa watasinzia. Watasinzia kweli kama mtaenda na zile za "elimu ni ufunguo wa maisha", hizo wanazisikia kila paredi.

Kwanza barua kwa mkuu wa shule, mapema, msitokee tu getini na tisheti zenu.

Halafu ongeeni vitu vya kushika. Waambieni wakague cheti cha kuzaliwa sasa hivi, maana mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) unataka kiwe kimehakikiwa RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi), na kuna watoto kibao jina la shule ni Mwajuma la cheti ni Mwajabu, hapo waende RITA au kwa wakili mapema nyie msijifanye mnajua sheria. Na msiwatishe waliofeli hesabu, kuna njia ya diploma kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi), mkiwa na mwenzenu aliyepita huko yeye ndo aongee zaidi.

Mkopo msimuahidi mtu. Namba za mabinti msichukue, mwalimu awepo muda wote. Akitokea binti anasema kwao wanataka kumuoza, mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.