Si Lazima Shirika Bora Liwe na Maili Bora

Kwa miaka mitatu nilikusanya maili za shirika moja la ndege, yaani zile pointi unazopewa ukisafiri ili baadaye uzitumie kupata tiketi, kwa sababu ya nembo ya tuzo. Sitanii. Niliiona kwenye tovuti yao, inang'aa, imeandikwa wao ni bora, nikajiandikisha papo hapo. Na ndege zao kweli zilikuwa nzuri: wahudumu wenye bashasha, chakula cha kuliwa kikaisha, viti visivyokubana magoti. Shida ilianza nilipotaka kuzitumia hizo maili. Kila tarehe niliyoweka haikuwa na kiti cha zawadi, yaani kiti kinacholipiwa kwa maili. Tarehe moja tu ndiyo iliyokuwa nacho, na hapo nikadaiwa kodi na ada ya mafuta zinazokaribia nauli yenyewe. Nikasema nitasubiri. Nilipokuwa nasubiri, nusu ya maili zikafika ukomo wake zikafutwa. Ukomo huo ulikuwa umeandikwa kwenye masharti tangu mwanzo. Mimi ndiye sikusoma.

Sikudanganywa na mtu. Tuzo ile ilitokana na abiria walioulizwa kuhusu safari, nami nikaisoma kana kwamba waliulizwa kuhusu maili.

Chukua Skytrax, kampuni ya Uingereza inayopima ubora wa mashirika ya ndege, ambao tuzo zao za mashirika ya ndege zilianza mwaka 1999. Abiria wanapima kiti, chakula, usafi, huduma ya wahudumu, mambo ya uwanjani. Singapore Airlines ilishika nafasi ya kwanza mwaka 2023, Qatar Airways ikaichukua 2024. Ukitaka kujua utakavyojisikia ndani ya ndege kwa saa kumi, orodha hiyo inakusaidia. (Halafu wengi huchanganya tuzo hizi na zile nyota ambazo Skytrax hao hao hutoa. Nyota ni kazi ya wakaguzi wao, tuzo ni kura za abiria. Shirika linaweza kung'ara upande mmoja na kuwa la kawaida upande wa pili.)

J.D. Power, kampuni ya Marekani ya kutafiti maoni ya wateja, wao hupima mashirika ya Amerika Kaskazini kwa alama hadi 1,000, na kitu ninachokipenda kwao ni kwamba hutenganisha madaraja. Abiria wa daraja la biashara hashindanishwi na aliyebanwa viti vya nyuma. Kabla ya kufurahia ushindi wa shirika lolote, tazama limeshinda daraja gani, kisha jiulize wewe hukaa wapi. Mimi hukaa nyuma. Sifa za vitanda vya mbele hazinihusu ndewe wala sikio.

Sasa angalia jambo hili. Desemba 2022 shirika la Southwest la Marekani lilielemewa baada ya dhoruba ya theluji. Mfumo wake wa kupanga wafanyakazi ukashindwa, safari zaidi ya 16,000 zikafutwa, watu wakakwama msimu wa sikukuu. Serikali ya Marekani baadaye ililitoza adhabu ya dola milioni 140. Lakini mwaka 2023 shirika hilo hilo liliongoza utafiti wa J.D. Power kwa daraja la kawaida. Wengine walisema utafiti umepikwa. Sikubaliani nao. Utafiti wa aina hiyo hukusanya maoni ya muda mrefu, na kwa siku nyingi za mwaka abiria walikuwa wamefika salama na kuridhika. Wastani haukuambii siku mbaya kabisa ya shirika inafananaje. Kwa hilo tafuta takwimu za safari zilizofutwa na zilizochelewa. Wizara ya usafirishaji ya Marekani huzichapisha kila mwezi, na hata huko kuna la kuangalia: ndege ikifika ndani ya dakika 15 baada ya muda wake, inahesabiwa imewahi. Kama una ndege ya kuunganisha, dakika hizo si chache.

Tuzo za programu za maili, yaani mipango ya mashirika ya kuwapa wanachama maili, ni ulimwengu mwingine. Zinazojulikana zaidi ni Freddie Awards, zilizoanza 1988 na kupewa jina la Freddie Laker, Mwingereza aliyeuza safari za bei nafuu kuvuka Atlantiki. Wanaopiga kura ni wanachama wa programu zenyewe, na mashirika huwaandikia wanachama wao kuwaomba kura. Si dhambi, lakini fikiria ni nani anayejisumbua kupiga kura hiyo. Mara nyingi ni yule anayeishi angani, mwenye kadi ya dhahabu, anayepandishwa daraja bure na kupumzika kwenye chumba maalumu. Anaipenda programu kwa sababu programu inampenda. Wewe unayeruka mara mbili kwa mwaka hutaonja hata robo ya anayosifia.

Tena programu zenyewe hubadilika. Mashirika ya Marekani ya Delta na United yalianza mwaka 2015 kutoa maili kulingana na pesa uliyolipa badala ya umbali uliosafiri, American Airlines ikafuata 2016. Mwenye tiketi ya bei poa akajikuta anapata kiduchu kwa safari ile ile. Kwa hiyo sifa za programu za miaka kumi iliyopita ni hadithi za zamani.

Siku hizi sijiandikishi kabla ya kufanya jaribio moja. Natafuta kiti cha zawadi kwa safari ninayoitaka kweli, tarehe ninazoweza kweli kusafiri, kana kwamba maili ninazo tayari. Programu nyingi hukuruhusu kutafuta bila kuwa na maili hata moja, au baada ya kufungua akaunti ya bure. Naangalia inataka maili ngapi na ada kiasi gani. Kisha nafungua masharti na kutafuta neno moja tu: ukomo. Robo saa inatosha. Na kama wewe ni wa safari moja kwa mwaka, hata robo saa hiyo usijisumbue. Chagua kwa nauli, kwa kuwahi na kwa maoni ya abiria wa daraja lako, maili ziache zijijazie zenyewe.

Kitu cha mwisho nilichochelewa kukijua ni miungano ya mashirika ya ndege. Star Alliance, oneworld na SkyTeam zinakuwezesha kuruka na shirika moja na kuweka maili kwenye programu ya jingine. Basi niliondoka kwenye ile programu ya nembo nikahamia kwa mshirika wao, programu ambayo sijawahi kuiona ikishinda chochote. Safari yangu ya kwanza ya zawadi niliipata huko, kwa ada ndogo tu, kwenye ndege ya shirika lile lile lililonitesa miaka mitatu. Wahudumu bado wana bashasha. Nilikula chakula chote.